Kuhakiki saini nyingi za kidijitali kwa mkupuo, inawezekana?

karafuu_kodi (Wete)
Asalaam alaykum wataalamu. Nna sistimu ya risiti za karafuu huku Pemba, kila risiti inatiwa saini ya kidijitali ya aina ya Ed25519 kwenye simu ya karani, sasa jioni mtandao ukirudi risiti za vituo vyote zinamiminika pamoja na seva yenyewe ndogo, inahakiki moja moja mpaka inaelemewa. Nimeskia zinaweza kuhakikiwa zote kwa mkupuo, kweli? Na usalama wake je?

baiti_malindi
Waalaykum salaam. Kweli kabisa, Bernstein na wenzake walilieleza tangu 2011 walipoitoa Ed25519, saini 64 kwa pamoja kila moja inakula kama nusu tu ya kazi ya kuihakiki peke yake. Kila saini inahakikiwa kwa mlinganyo wake, unajumlisha milinganyo yote iwe mmoja, ile hesabu nzito ya pointi za mkunjo (elliptic curve) unaifanya mara moja kwa njia ya Straus, zikiwa mamia tumia njia ya Pippenger. Na risiti za karani mmoja zina ufunguo mmoja, unaziunganisha, kazi inapungua zaidi. ECDSA, aina nyengine ya saini, ingekusumbua, saini yake haibebi pointi nzima.

binti_mkoani
Lakini ndugu yangu usijumlishe hivi hivi!! Ukipima magunia mawili pamoja, moja limepungua kilo mbili na jengine limezidi kilo mbili, mzani hausemi kitu. Ndo hivyo hivyo, karani mwenye ufunguo wake halali anaweza kughushi risiti ya mwenzake halafu akatunga ya kwake ya kufuta kosa, jumla ikakubali. Kila saini izidishwe na nambari yake ya kubahatisha ya biti 128, na seva iichague palepale baada ya kupokea risiti.

karafuu_kodi
Ahsante sana dada. Sasa kundi likikataa ntaijuaje mbovu?

baiti_malindi
Likate nusu, hakiki kila nusu, ile inayokataa ikate tena mpaka uifikie. Mbovu zikiwa nyingi bora urudi moja moja, faida haipo tena.

binti_mkoani
Na jengine, RFC 8032, waraka wa kiwango cha Ed25519, inaruhusu kuhakiki kwa kuzidisha mlinganyo kwa 8 au bila. Kwa mkupuo zidisha, na hata ukihakiki moja moja zidisha vilevile, la sivyo risiti ile ile itakubaliwa kwenye kundi ikakataliwa peke yake. Usiandike mwenyewe, kama unatumia lugha ya Rust, maktaba ya ed25519-dalek inayo verify_batch ya kuhakiki kwa mkupuo, ila isome kwanza hapo kwenye 8 inafanyaje.