Mama anasahau na sasa hali chakula vizuri: unga wa kurudisha kumbukumbu unasaidia?

Binti wa Busia
Habari zenu. Mama yangu ana miaka sabini na kitu, tunaishi naye Busia, upande wa Uganda. Daktari alishatuambia ni dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kuuliza jambo lilelile asubuhi nzima tumezoea, kinachonitisha ni kula. Nguo zinampwaya, na posho (ugali) inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Kuna bwana anapita na unga wa majani na vidonge vya omega, yale mafuta ya samaki, anasema kumbukumbu itarudi. Bei si mchezo. Kabla sijauza mbuzi, nani amewahi kumpa mgonjwa wake?

Mkaza mwana, Jinja
Mbuzi abaki zizini, dada. Nimemuuguza baba mkwe na ugonjwa huohuo mpaka akatutoka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema vitamini B, vitamini E na vidonge vya omega visipendekezwe kwa kukinga dimenshia. Majani ya huyo bwana hata sijui ni ya mti gani, na yeye hatakuambia.

Vitamini B12 ni habari nyingine. Ikipungua mwilini, mtu husahau zaidi, na hilo linatibika. Mama ana sukari? Metformin, dawa ya sukari, ikimezwa miaka mingi hushusha B12. Omba wampime damu.

Sasa kula. Posho nyeupe kwenye sahani nyeupe, mgonjwa haioni vizuri. Mwaka 2004 watafiti wa Boston waliwapa wagonjwa wachache vyombo vyekundu, wakala na kunywa zaidi. Sisi tulinunua sahani nyekundu ya plastiki sokoni, mzee akaanza kumega mwenyewe. Kijiko kilipomshinda tulimpa vya kushika: gonja (ndizi) la kuchoma, yai la kuchemsha, kiazi kilichokatwa vipande virefu. Mukene (dagaa) tulimsagia ndani ya binyebwa, mchuzi wa karanga, maana miiba ilimkera. Redio izimwe, chakula kije kimoja kimoja. Na mchungulie mdomoni! Jino bovu humfanya mtu akatae chakula, na yeye hawezi kukueleza.

Kijana wa Arua
Na sisi ambao bado akili zipo? Nasikia mlo wa MIND, ule wa mboga za majani, karanga na samaki, unakinga.

Mkaza mwana, Jinja
Majaribio ya Marekani yaliyotoka 2023 yalifuata watu miaka 3, na kumbukumbu zao hazikupishana sana na za wenzao waliopunguza tu chakula. Mimi naamini zaidi kudhibiti presha na sukari: chumvi chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku, dodo (mchicha) na maharage kila wiki, soda iwe ya sherehe. Tena uanze sasa, usingoje mvi.

Binti wa Busia
Asante nyabo. Metformin anameza, tangu mdogo wangu wa mwisho yuko shule ya msingi. Nitamwambia daktari. Ila akinywa maji anakohoa sana, hilo nalo ni la ugonjwa?

Mkaza mwana, Jinja
Laweza kuwa. Usimlishe akiwa amelala. Mkalishe wima, mpe funda dogo dogo, na abaki amekaa kama nusu saa baada ya kula. Hospitalini waambie waangalie anavyomeza, siku hiyohiyo ya kupima damu.