Matembezi ya hisani: dawa ya wazee au biashara ya tisheti?

MstaafuWaLanet: Nina miaka 63. Kila nikienda kliniki ya presha daktari ananiambia nitembee, naitikia "sawa," kisha narudi kwa kiti changu. Mwezi jana kanisa likaandaa matembezi ya kilomita 5 kuchangia matibabu ya watoto. Kujiandikisha shilingi 1,500, tisheti ndani. Nilimaliza! Kuna mengine Desemba, kwa hivyo sasa natoka kila alfajiri nisije nikaaibika. Mke wangu anasema ni unafiki, presha yangu haikunitoa nyumbani lakini tisheti imenitoa. Nanyi mwasemaje, haya mambo yahimizwe ama watu wachange tu wakiwa nyumbani?

Jabali58: Mzee, 1,500 kutembea kwenye barabara uliyoilipia ushuru? Toa tisheti, toa maji ya chupa, toa hema, toa yule bwana wa kipaza sauti. Mtoto mgonjwa anabaki na ngapi?

MamaPacha: Jabali, wewe umechanga ngapi mwaka huu? Yule mzee Mwingereza, Captain Tom, alitembea maili 100 akikaribia miaka 100, akachangia hospitali zao wakati wa korona.

Mwalimu_Kiamunyi: Maili wapi, mama. Ni mara 100 kwenye bustani yake, mita 25 kila mara, akishikilia kigari cha kutembelea. Kilomita 2 na nusu. Alilenga pauni 1,000, zikapita milioni 30.

Jabali58: Mwalimu, mbona umekatia hadithi hapo patamu? Ripoti ya 2024 ilisema familia yake ilijinufaisha na wakfu wenye jina lake.

Mwalimu_Kiamunyi: Wakfu ulikuja baadaye. Zile milioni za mwanzo zilienda kwa mashirika ya hisani ya hospitali. Usichanganye unga na mchanga.

Jabali58: Na mama, umeniuliza nimechanga ngapi. Miaka mitatu mfululizo nimetembea kwa ajili ya wagonjwa wa figo. Hatujasomewa hesabu hata siku moja. Ukiuliza, unaambiwa una roho mbaya.

BintiKondele: Kilomita 2 na nusu? Huo ni mwendo wa nyanya yangu kwenda soko la Kibuye, na karai la nyanya kichwani, na hakuna aliyempa tisheti. Nyinyi wa Nakuru mnatembea na sweta kisha mnapigiana makofi. Kujeni mtembee Kisumu saa saba mchana ndio tuongee.

Jabali58: Kisumu iliyo tambarare kama chapati?

BintiKondele: Kilima cha Riat ni chapati? Ipande na hilo tumbo, tukuokote na boda.

Mwalimu_Kiamunyi: Tuheshimu jiografia. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Kisumu 1,130. Huku hewa ni nyepesi. Na hapo hatujataja mlima Menengai.

BintiKondele: Menengai mnaenda na gari, mnapiga picha kwenye ukingo, mnarudi kula nyama. Tunawajua.

MamaPacha: Jamani, mzee aliuliza swali. Mimi nilipofiwa na mume wangu nilikaa ndani karibu mwaka. Watoto wakanibembeleza, pasta akanibembeleza, wapi. Nilitoka siku niliyoambiwa jina langu liko kwa orodha na watu wameshaahidi pesa kwa kila kilomita. Kwa ajili yangu mwenyewe singeamka. Kama huo ni unafiki, basi niacheni nao.

Jabali58: Pole, mama. Hapo sina neno. Ila hesabu isomwe.

MstaafuWaLanet: Asante, mama Pacha. Mjukuu ameniwekea programu kwenye simu inayodai hatua 10,000 kila siku. Leo nimefika 4,200 na goti linalia. Nimefeli?

Mwalimu_Kiamunyi: Hiyo 10,000 ilianza kama jina la kifaa cha kuhesabu hatua, Japani, 1965. Ni biashara. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kukuongezea pumzi. Watu wa umri wetu waongeze na mazoezi ya kujishikilia tusianguke.

MstaafuWaLanet: Mke wangu amesoma yote haya. Naye anajiandikisha Desemba, ati kuhakikisha sidanganyi kilomita.

BintiKondele: Mleteni na Jabali. Mkimaliza mpitie Dunga ufukweni, samaki juu yangu.

Jabali58: Samaki wa ziwa ama wale wa China?

BintiKondele: Wewe!! Rudia hiyo.