Mwenye duka aliniita "mkubwa", kisha akaniuzia mtumbwi wa mtoto

Wadau, nimesoma nyuzi za humu miaka mitatu bila kufungua hata mmoja. Leo nafungua kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe imenila shilingi 95,000.

Nina kilo 118 na urefu wa mita 1.91. Sikuficha. Nilimwambia muuzaji, hapa hapa Nairobi, kabla hata hatujamaliza salamu: natafuta mtumbwi wangu wa kwanza wa maji ya kasi. Si kayaki. Mtumbwi wenyewe, wa kupiga magoti na kushika kafi lenye bapa moja, wa kwenda nao Tana pale Sagana. Nimepanda sana yale maboti ya mpira ya watalii, nikachoka kuwa abiria. Akanitazama toka utosini hadi viatuni, akacheka, akagonga kibandiko ubavuni: "Mkubwa, hapa imeandikwa kilo 140. Itakubeba na chenji ibaki."

Chenji ibaki! Nami nikalipa.

Ile kilo 140 ni mzigo wa mwisho kwenye maji yaliyolala, pale chombo bado kinaelea. Haikuambii lolote kuhusu wimbi linalokujia ubavuni. Chukua kilo zangu 118, ongeza helmeti, jaketi okozi, viatu, kamba ya kuokolea, maji ya kunywa na chapati zangu mbili (sawa, nne), tayari umegonga 125. Ukingo ukabaki vidole vichache juu ya maji. Siku ya kwanza hata maporomoko sikuyafikia. Niliinama kidogo kuvuta kafi, mahali watoto wanaogelea, ukingo ukanywa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo kila kinachoingia kinaushusha ukingo na kukaribisha kingine. Nikashinda nikifua maji kwa jagi. Mzee mmoja wa kuchota mchanga akaniuliza kutoka ng'ambo, "Kijana, hicho ni chombo au ni karai?" Sikuwa na jibu.

Na usidhani shida ni kulowa tu. Mitumbwi hii hupindwa juu mbele na nyuma ili igeuke upesi. Ukiukandamiza kwa uzito, zile ncha mbili zinaingia majini na mkondo unaushika urefu wote. Niliahidiwa utageuka kama bodaboda. Unageuka kama trela ya Mlolongo. Halafu kona ya chini ya ubavu, kwa vile imezama, inanaswa na mkondo ukiinamia kidogo tu upande maji yanakotoka. Nimepinduliwa hivyo mara nne kwa asubuhi moja.

Lakini kilichonitia hasira hasa ni tandiko, kile kiti cha kukalia ukiwa umepiga magoti. Lilikatwa kwa mapaja ya mkimbiaji wa Iten. Mikanda ya mapaja haikunifikia, muuzaji akaniongezea kipande cha kamba na kufunga fundo. Fundo! Ule mkanda unatakiwa uachie kwa mvuto mmoja ukiwa kichwa chini. Viatu vyangu ni namba 47, vikiingia chini ya lile tandiko haviko tayari kutoka. Mtu mkubwa anaweza kusamehe mtumbwi mzito wa kugeuka, hawezi kusamehe mtumbwi unaomshika miguu chini ya maji. Nilijaribu kuinua tandiko ili magoti na vifundo vipumue, nikapata nafasi, ila kadiri unavyokaa juu ndivyo chombo kinavyoyumba. Kwenye mtumbwi mpana ningestahimili. Huu una sentimita 66.

Halafu kuna hili. Aliniapia ni mpya, "umetoka kiwandani mwaka jana", na ni wa Royalex, ile plastiki ya matabaka ya kutengenezea mitumbwi. Nikarudi nyumbani, nikasoma: Royalex iliacha kutengenezwa 2014. Kumbe nimeuziwa mzee aliyepakwa rangi. Sina neno na mitumba, nusu ya kabati langu ni Gikomba, lakini niambie ni mtumba nipige bei ya mtumba.

Nilipourudisha, alinijibu kwa uso mkavu: "Bidhaa ikishaguswa na maji hairudi." Mtumbwi!

Najua mtakachosema, maana kwenye uzi mwingine nilishaambiwa nipunguze uzito kwanza. Sawa, nitapunguza. Na urefu je, nilete msumeno?

Kwa mwenye mwili kama wangu anayetaka kununua: achana na kibandiko. Tafuta wa mita 3.6 hadi 4, mpana, wenye ubavu uliosimama juu katikati, kona zake zisiwe kali. Utachelewa kidogo kugeuka, na kwa anayejifunza hiyo ni nafuu. Ingia nao majini ukiwa umevaa kila kitu, mwenzako asimame kando aangalie kama umekaa sawa au mkia umezama. Mkia ukizama, tandiko lisogezwe mbele. Muuzaji akikataa usiujaribu majini, toka dukani.

Nilifikiria kuagiza nje. Wa mita 3.6, upana sentimita 75, kina 40, kwenye mizani ni kilo 26. Ila ndege inatoza nafasi: zidisha vipimo vyote vitatu kwa sentimita, gawanya kwa 6,000, unapata kilo 180. Unasafirishiwa hewa, halafu VAT ya asilimia 16 inakungoja hapa, na ushuru mwingine juu yake. Meli ni nafuu, ila moja moja haifai. Tukiwa wanne au watano tujaze nafasi pamoja, hesabu inabadilika. Nani yuko?

Na kabla ya hapo: kuna yeyote humu wa kilo 110 kwenda juu mwenye mtumbwi unaomtosha? Niazime nusu saa tu nikae ndani. Ni kilomita kama 100 hadi Sagana, gari na mafuta juu yangu, chapati pia.

Mwenye kilo 65 anayetaka mtumbwi, ninao. Ni mtumba, Royalex, wa kabla ya 2014. Kibandiko nimekibandua.