IST ya 2004 imetoa kodi tano kwa mpigo, fundi anataka zaidi ya laki nane. Nianzie wapi?

Mtu wa Ipogolo

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisikilize kabla sijatoa hela.

Wiki tatu zilizopita nilinunua Toyota IST mkononi kwa mtu, Dar. Ni ya mwaka 2004, injini 1NZ, CC 1500. Niliijaribu Mbezi mpaka Kibaha, ikatulia vizuri tu. Injini ilikuwa inang'aa, ungeweza kupakua pilau juu ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, ukala. Nikalipa, kesho yake nikaanza safari ya kurudi Iringa.

Mpaka Mikumi hakuna neno. Kufika mlima wa Kitonga gari ikalegea. Nakanyaga mafuta haiitikii, malori yananipigia honi, na mke wangu pembeni kanyamaza ule unyamavu mnaoujua. Karibu na Ilula taa ya injini ikawaka na mpaka leo haijazima. Asubuhi inamisi, yaani inakatakata moto, ikisimama inatetemeka, na mlima wa kutoka Ipogolo kuingia mjini napanda na gia ya L kama nimebeba mahindi.

Fundi wa mtaani kachomeka mashine, akasema gari ina kodi tano, yaani namba za hitilafu. Kwanza nikadhani anaongelea TRA. Ni hizi: P0100, P0110, P0171, P0500 na P1305. Kaniandikia karatasi: sensa ya hewa 150,000, sensa ya oksijeni 180,000, koili zote nne (zinazopeleka moto kwenye plagi) 240,000, kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya mtumba 250,000. Jumla 820,000, ufundi bado. Gari yenyewe bado nadaiwa na shemeji yangu. Nianzie wapi?

Bampa kwa Bampa

Anzia kwa shemeji, mwambie ukweli.

Mzee wa Spea

Mkuu, kodi tano kwa pamoja hiyo ni kontroli boksi, usizunguke. Mimi Noah yangu ilikuwa hivyohivyo, nikaweka nyingine, ikanyamaza.

Fundi Waya

Mzee wa Spea, kwa heshima, hapana. Kontroli boksi za Toyota hizi hufa mara chache sana. Gari ikiwa na kodi nyingi, watu huilaumu kwa sababu tu hawajaangalia kingine. Ukifunga ya mtumba isiyolingana na gari unaongeza tatizo la sita.

Mtu wa Ipogolo, mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Mbeya. Usinunue kitu bado. Kila kodi ni mlalamikaji, na mlalamikaji si lazima awe ndiye mgonjwa. Tuwasikilize.

P0100 ni sensa ya hewa. P0110 ni sensa ya joto la hewa. Fundi wako hakukuambia kwamba kwenye 1NZ hizo mbili zinakaa ndani ya kifaa kimoja, kile kilichochomekwa kwenye bomba karibu na boksi la chujio la hewa. Kina soketi moja ya nyaya tano: tatu za kupima hewa, mbili za joto. Ndani ya kifaa hazishei hata waya mmoja. Sasa jiulize, sensa mbili zisizoshea waya zimekufaje siku moja, mlima mmoja? Kitu pekee kinachozikutanisha ni soketi. Hapo ndipo uanze. Hakuna gharama, ni macho na mkono.

P1305 ni koili namba mbili, ukihesabu kutoka upande wa mikanda. Koili nne za injini hii hutumia waya mmoja kurudisha taarifa kwa kontroli boksi kwamba zimepiga moto. Kama waya huo ungekatika ungepata kodi zote nne: P1300, P1305, P1310 na P1315. Imekuja moja, kwa hiyo ni koili hiyo au soketi yake. Kununua nne kwa ajili ya moja ni kumsomeshea fundi mtoto. Hamisha koili ya pili uiweke ya tatu, ya tatu iende ya pili, futa kodi, tembea. Ikirudi P1310, koili imekufa. Ikibaki P1305, angalia soketi na waya.

P0171 maana yake hewa imezidi mafuta. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoleta habari hiyo, na fundi anataka kumfukuza mleta habari. Iache kwanza. Sensa ya hewa ikishapotea, kontroli boksi inapiga hesabu ya mafuta kwa kubahatisha, ikitazama throto (mlango wa hewa wa injini) na mzunguko wa injini tu. Ndiyo maana ya kulegea Kitonga.

P0500 ni spidi. Mshale wa spidi unafanya kazi?

Na kabla ya kufuta chochote, andika kodi zote na uzipige picha. Fundi wengi hufuta kwanza halafu ndio wanauliza gari ina nini.

Mtu wa Ipogolo

Mshale unafanya kazi vizuri, fundi. Nilinunua pia kile kidude cha bluutuu cha elfu ishirini na tano nisome mwenyewe kwa simu, kinakataa kuunganika. Kibovu?

Fundi Waya

Si lazima kiwe kibovu. IST nyingi za miaka hiyo zilitengenezwa kwa soko la Japani na haziongei lugha ile ile ambayo vidude hivyo hutegemea. Soketi inafanana, lakini maongezi hayaendi. Mashine ya fundi ina menyu ya Toyota za Japani, ndiyo maana ilisoma.

Ukikwama kabisa kuna njia ya wazee. Zima swichi, unganisha tundu namba 4 na 13 za soketi ya mashine kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itapepesa namba: 31 ni sensa ya hewa, 24 ni joto la hewa, 25 ni hewa kuzidi. Ila hesabu matundu mara tatu. Namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, usije ukaigusisha ukaja kunilaumu humu.

Mama Teksi

Kaka, habari ya Iringa. Mimi naendesha IST ya kukodisha mwaka wa sita sasa, si fundi, lakini kuna neno umelisema watu wamelipita. Injini ilikuwa inang'aa. Injini ya gari ya miaka ishirini haing'ai yenyewe. Imepigwa maji ya presha siku ya kukuonyesha. Maji yakiingia kwenye soketi hayakuuguzi siku hiyo, yanasubiri. Na soketi za umri huo, kile kiulimi cha kufungia kinavunjika ukikitazama tu. Unaisukuma inaingia, unadhani imeshika, gari ikitikisika inarudi nyuma.

Halafu shika lile bomba la mpira linalotoka kwenye boksi la chujio kwenda kwenye injini. Lina mikunjo kama kinanda cha mkono. Linapasuka kwenye mikunjo, upande wa chini, ambako huoni. Lipinde kwa mkono. Mimi nilibadilishiwa plagi mara mbili na kusafishiwa nozeli kabla kijana wa kuosha magari hajaniambia, mama mbona hapa pamechanika?

Mzee wa Spea

Sawa, tusubiri majibu. Ila kontroli boksi msiidharau.

Bampa kwa Bampa

Mzee, una ngapi stoo?

Mtu wa Ipogolo

Wakuu, nimerudi na majibu, siku nne sasa.

Soketi ya sensa ya hewa. Fundi Waya na Mama Teksi, niwapeni nini? Kiulimi kimevunjika, soketi imeingia nusu, na ndani pini mbili zina kutu ya kijani. Nilikwenda kwa fundi mwingine mwenye mashine, nikamwomba kabla ya kugusa anionyeshe joto la hewa inayoingia. Mashine ikasema nyuzi 40 chini ya sifuri. Iringa kuna baridi, lakini si hiyo.

Fundi Waya

Hiyo namba ndiyo nilikuwa naitafuta. Chini ya sifuri 40 ni kontroli boksi inavyosoma waya uliokatika au soketi iliyoachia. Endelea.

Mtu wa Ipogolo

Tukasafisha pini kwa dawa ya kusafishia umeme, tukakausha, tukairudisha na kuibana kwa kamba ya plastiki. Joto likapanda mpaka nyuzi 24. Hewa ikasoma gramu mbili na kidogo kwa sekunde gari ikiwa imesimama, injini inaunguruma bila kukanyagwa na AC imezimwa. Fundi akasema kwa CC 1500 hiyo ni namba nzuri. Tukafuta kodi. Mlima wa Ipogolo nikapanda kama kijana.

Siku mbili taa haikuwaka. Ya tatu ikarudi: P0171 na P1310. P1310 nimeielewa mwenyewe bila kuuliza, maana koili nilikuwa nimeihamisha. Koili moja imekufa kweli. Nimenunua moja, 60,000, kumisi kumeisha.

P0171 ndiyo imenichosha. Fundi kaangalia makadirio ya mafuta, yaani kontroli boksi inaongeza mafuta kiasi gani kufidia: injini ikiunguruma bila kukanyagwa inaongeza asilimia 28, ukishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka mpaka 9. Hii ina maana gani?

Fundi Waya

Ina maana kuna hewa inaingia bila kupita kwenye sensa. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ya wizi inaonekana nyingi. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa kubwa na ile ya wizi inamezwa. Ingekuwa kinyume, makadirio yanapanda kadiri unavyokanyaga, ningekutuma kwenye pampu ya mafuta na chujio lake. Umelipinda lile bomba la Mama Teksi?

Mtu wa Ipogolo

Nililitazama tu kwa juu.

Mama Teksi

Kaka.

Mtu wa Ipogolo

Nimekwenda, nimelipinda. Mpasuko upande wa chini, mkunjo wa pili, kidole kinaingia. Bomba la mtumba 25,000. Makadirio sasa yanacheza kati ya 2 na 5. Fundi wa kwanza nimepishana naye, akaniuliza lini naleta gari, nikamwambia iko safarini.

Jumla nimetumia 85,000 ya vifaa na 30,000 ya ufundi. Imebaki P0500 tu, ambayo haijarudi tangu tufute. Niisahau?

Fundi Waya

Isiporudi ilikuwa ya zamani, imehifadhiwa tu. Ila nikuambie inavyokuja, uamue mwenyewe. Kwenye hizi gari taarifa ya spidi hupita kwenye dashibodi kabla ya kufika kontroli boksi. Gari ikitembea dashibodi ikiwa imechomolewa, P0500 inajiandika. Inawezekana mtu alibadilisha balbu tu. Inawezekana pia alikuwa na shughuli na namba za kilomita. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo na pembeni mwa mlango, kama kuna stika ya Kijapani ya kubadilisha oili.

Mtu wa Ipogolo

Ipo. Imechubuka nusu. Naona 26, halafu 8, halafu 138,500. Dashibodi yangu leo inasoma 91,400.

Mama Teksi

26 ni mwaka wao, ni 2014. Pole kaka.

Fundi Waya

Injini hiyo ina cheni, haina mkanda wa kukatika, kwa hiyo usikose usingizi leo. Kuanzia sasa pima oili kila Jumapili asubuhi kabla hujawasha, na uandike. Ikishuka zaidi ya nusu ya kijiti ndani ya mwezi, rudi hapa tuongee mambo ya ringi za pistoni.

Bampa kwa Bampa

Shemeji umeshamwambia?

Mtu wa Ipogolo

Nimemwambia gari imepona. Kilomita bado.