Maji ya Rufiji yaje Dar au tuyaache?

Mzaramo wa Mbagala: Wakuu, huku kwetu maji tunanunua kwa boza. Ruvu ikipungua kidogo jiji zima linalia. Rufiji si ipo hapo Ikwiriri? Na juu kote ni pori tupu, hakuna mtu wa kulalamika. Tuyavute.

Fundi Koki: Hapo juu kuna bwawa la megawati 2,115 linayataka maji hayo hayo. Chagua taa au ndoo.

Mama Nasra: Fundi, mashine hazinywi maji. Yakishazungusha yanashuka zake Utete.

Mngindo Asili: Narudi kwenye "pori tupu". Babu yangu kazaliwa humo. Miaka ya 1940 Mwingereza aliwahamisha watu wa Liwale, akasema malale, pori la akiba la Selous likatanuka. Watu walitolewa, ndugu. Usiseme hawakuwepo.

Mzaramo wa Mbagala: Sijamtukana babu yako. Nasema sasa hivi huko mto Luwegu utakutana na tembo kabla ya mjumbe wa nyumba kumi.

Mngindo Asili: Na jina pori likapewa la Selous, mwindaji wa tembo aliyekuja huku kama askari wa Mwingereza. Kazikwa Beho Beho, 1917. Babu yangu hana hata kibao.

Kijana wa Chuo: Ila tangu 2019 sehemu kubwa ni Hifadhi ya Nyerere. Tena tuelewane, maji mengi ya Rufiji yanatoka Ruaha.

Mama Nasra: Nani kakwambia? Ruaha ni ndefu, inasifiwa bure. Maji mengi ni ya Kilombero. Inakutana na Luwegu pale Shughuli, ndipo Rufiji inaanza. Ruaha inaingia baadaye. Chuo gani hicho?

Kijana wa Chuo: Mama, punguza ukali.

Dereva Mstaafu: Nyie watoto wa Daraja la Mkapa mnaongea tu. Kabla ya 2003 ni pantoni ya Ndundu. Mto ukijaa unalala hapo na abiria wako, mbu wanakupangia zamu.

Fundi Koki: Mzee, ulikuwa unalala au ulikuwa na nyumba ndogo Ndundu?

Dereva Mstaafu: Kambare wa pale, kijana, alikuwa anatosha kumfanya mtu asahau kwao.

Mngindo Asili: Kambare tena. Mzaramo, bado nasubiri uniombe radhi.

Mzaramo wa Mbagala: Boza limefika, nakuja.