Kihariri cha matini: modi na lugha ni kitu kimoja au viwili?

msukamsimbo
Wakuu, naandika kihariri cha matini na nimekwama kwenye usanifu wake. Kwa sasa nina jedwali moja tu: kiendelezi cha faili huku, modi (seti ya tabia za kihariri kwa aina fulani ya faili) kule. `.py` inawasha modi ya Python, `.c` inawasha ya C, na modi ndiyo inayobeba kila kitu: rangi, ujongezaji (nafasi mwanzoni mwa mstari), alama ya maoni, hata seva ya lugha ya kuwashwa, yaani programu ya pembeni inayokipa kihariri mapendekezo na makosa ya msimbo. Sasa nimeongeza modi ya pili ya Python inayotumia tree-sitter, kichanganuzi kinachosoma muundo wa msimbo, na mipangilio ambayo watu waliiweka kwenye modi ya zamani haiifikii mpya, ingawa lugha ni ileile. Halafu kuna `.h`, ambayo huenda ni C au C++, na `.ts`, ambayo ni TypeScript lakini pia faili za tafsiri za Qt (zana ya kutengenezea programu), ambazo ni XML. Ninyi mngepangaje?

nukta_mkato
Mkuu, jedwali lako linajibu maswali matatu kwa mpigo mmoja. Faili hii ni ya aina gani? Imeandikwa kwa lugha gani? Mtumiaji anataka kuihariri kwa modi ipi? Mawili ya kwanza yanahusu faili. La tatu linahusu mtu na mazoea yake, na ndilo linalobadilika mara kwa mara.

Emacs, kihariri cha siku nyingi, wamepita njia hiyohiyo. Toleo la 29, mwaka 2023, lilileta `python-ts-mode` kando ya `python-mode`, zote zikiwa chini ya mzazi mmoja, `python-base-mode`. Likaja pia na jedwali la `major-mode-remap-alist`, la kusema "ukiombwa modi hii, washa ile". Toleo la 30 likaenda mbele zaidi: modi mpya ihesabiwe kuwa mtoto wa ile ya zamani, ili mipangilio ya saraka iliyoandikiwa `python-mode` iifikie nayo. Kazi nzuri, lakini nikiitazama naona pengo: lugha yenyewe haikuwa na jina lake, kwa hiyo modi mojawapo ikalazimika kusimama mahali pake.

Wewe unaanza upya, basi ipe lugha jina. Alama ya maoni, upana wa ujongezaji na seva ya lugha vifungwe kwenye lugha. Modi itangaze tu lugha inazoziweza, na mtumiaji achague anayoipenda. Siku ukileta modi ya tatu ya Python, hakuna mpangilio utakaopotea.

kipanga
Urithi hautoshi? Weka modi mama ya programu zote, zingine zirithi.

nukta_mkato
Urithi unafaa kwa yale ambayo modi zote za programu zinashirikiana, kama `prog-mode` ya Emacs. Ila hauwezi kusema kwamba modi mbili zisizo na msimbo wa pamoja zinahudumia lugha moja. Wala hausemi kinyume chake: modi moja, lugha mbili. Chukua `.tsx`, yaani TypeScript yenye vipande mfano wa HTML ndani yake. Unaweza kuihariri kwa modi ileile ya TypeScript, lakini itifaki ya seva za lugha inaitambulisha kwa jina `typescriptreact`, si `typescript`. Jina hilo utalitoa wapi kama unachokijua ni modi peke yake?

msukamsimbo
Nimekuelewa, kaka. Na `.h` je?

nukta_mkato
Kiendelezi ni ushahidi mmoja tu, tena dhaifu. Mimi ningetanguliza alichoandika mwenye faili, mfano `-*- mode: c++ -*-` juu kabisa. Kisha mstari wa kwanza wa `#!`, unaotaja programu ya kuendesha faili, kisha jina kamili kama `Makefile`, ambalo halina kiendelezi, ndipo kiendelezi. Kikiwa na utata, soma yaliyomo: Emacs ina `c-or-c++-mode`, inayopekua `.h` ikitafuta dalili za C++. Kwa `.ts` hata mstari wa kwanza unaweza kutosha, maana faili la Qt huanza kwa tamko la XML.

Jambo moja zaidi, na hili lifanye mapema kwa sababu kulibadilisha baadaye ni kazi kubwa. Usiulize "lugha ya faili hili ni ipi", uliza "lugha ya mahali hapa ni ipi". Faili la HTML hubeba CSS na JavaScript ndani yake. Vim, kihariri kingine, inaruhusu aina mbili za faili ziunganishwe kwa nukta, lakini hizo hushika faili zima. Amri yako ya kugeuza mstari kuwa maoni ipokee nafasi ya kishale: ndani ya `<script>` iweke `//`, nje yake iweke `<!--`.