Mwanangu amepitwa urefu na mdogo wake wa kike: je, amepungukiwa homoni?

Mama wa Makambako

Salaam kwenu, ndugu zangu. Nina watoto wawili: wa kiume ana miaka 13 na miezi minne, wa kike ana miaka 11 na nusu. Kila Januari huwasimamisha kwenye mwimo wa mlango wa jikoni na kuchora mstari wa mkaa usawa wa utosi, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mstari wa binti umepanda juu ya ule wa kaka yake kwa upana wa vidole viwili. Kijana anakula vizuri na haugui, lakini sauti yake haijaanza kuwa nzito, na sasa hataki tena kusimama pale mlangoni. Jirani ananishauri ninunue vidonge vya kurefusha mwili vinavyouzwa mtandaoni, eti vina homoni. Naomba anayefahamu anieleze homoni hizi hufanya kazi gani hasa, na nitajuaje kama za mwanangu zimepungua.

Mwalimu wa Baiolojia, Mbeya

Mama, nianze na vidonge, kwa kuwa hapo ndipo fedha hupotea bure. Homoni ya ukuaji ni protini, na ikimezwa humeng'enywa tumboni kama maharage yanavyomeng'enywa. Ndiyo maana watoto wachache wanaoihitaji kweli huchomwa sindano.

Homoni hiyo hutengenezwa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya njegere, ambayo huiachia damuni kwa vipindi, na kipindi kikubwa zaidi huwa usiku, muda mfupi baada ya mtoto kuzama usingizini. Ikifika kwenye ini, ini nalo hutoa kijumbe cha pili kinachofanana na insulini kwa umbo, na vyote viwili huchochea gegedu, yaani sehemu laini kuliko mfupa iliyo karibu na ncha za mifupa mirefu, liongezeke, kisha sehemu yake kongwe igeuke kuwa mfupa.

Binti kumpita kaka yake katika umri huo ni jambo la kawaida, kwa sababu wasichana hutangulia kubalehe na kasi yao ya kurefuka huja mapema. Linalowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka ni kwamba estrojeni, ambayo wengi huijua kama homoni ya kike, ndiyo inayolifunga gegedu hilo, yaani kuligeuza lote kuwa mfupa ili urefu ukome, hata kwa wavulana, kwa kuwa sehemu ya testosteroni yao hugeuzwa mwilini kuwa estrojeni. Mvulana anayechelewa kubalehe hupata muda zaidi wa kurefuka kabla halijafungwa.

Tabibu mstaafu, Iringa

Naungana na Mwalimu, ila niongeze jambo linalotugusa sisi wa nyanda hizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati kwa Tanzania nzima ni takribani asilimia 30, na mahindi yetu ndiyo yanayolisha mikoa mingine. Mtu hudhani mtoto wa namna hiyo amekosa homoni ya ukuaji. Kwa mwenye utapiamlo mkali mara nyingi huwa kinyume: homoni imejaa damuni, lakini ini lililokosa protini na nishati haliitikii, na kile kijumbe cha pili hakitolewi ipasavyo. Ndiyo maana nawasihi sana wazazi wasimwachie mtoto uji mweupe na viazi tu, huku maziwa, mayai na maharage yakipelekwa sokoni.

Wazee wa huku wanakumbuka pia rovu, ule uvimbe wa shingoni. Tezi ya shingo huhitaji madini joto ili itengeneze homoni yake, na mtoto akiikosa hudumaa mwili na akili, kwa hiyo chumvi yenye madini hayo ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko.

Kwa kijana wako, pima umbali kati ya mstari wa mwaka jana na wa mwaka huu. Kabla ya balehe mtoto huongezeka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Ikiwa ni chini ya 4, mpeleke hospitali mapema. Je, baba yake alirefuka lini?

Mama wa Makambako

Shikamoo, Mzee Tabibu. Nawe Mwalimu, nakushukuru. Nimepima kwa futikamba ya fundi cherehani, nikapata sentimita 5 kamili. Baba yake anasema hadi kidato cha pili alikuwa akipangwa mbele pamoja na wafupi, kisha akarefuka ghafla hadi suruali zikaishia juu ya vifundo vya miguu.

Tabibu mstaafu, Iringa

Marahaba, mama. Mwendo huo ni wa kawaida, na inaelekea amemfuata baba yake. Hata hivyo, akitimiza miaka 14 bila dalili yoyote ya balehe, mpeleke akachunguzwe. Huenda akapigwa eksirei ya kiganja cha kushoto, ambayo huonyesha mifupa yake imekomaa kiasi gani ikilinganishwa na umri wake. Mpime tena baada ya miezi sita, iwe asubuhi, kwa sababu kufikia jioni uti wa mgongo huwa umebonyea na mtu hupungua kama sentimita moja. Na umpime peke yake, dada yake asiwepo.